Mchi wa Pili

Sitazunguka. Nilimwonea wivu shoga yangu, na haukuwa wivu wa kutaniana barazani. Kilikuwa kijiba cha roho hasa, cha kumfanya mtu ale asishibe. Kilinianza mwaka ule mashine ya kukoboa mpunga ilipoletwa Kibiti, yeye akawekwa mlangoni kuisimamia, mimi nikabaki uani na kinu changu.

Kabla ya hapo tulikuwa wawili, kinu kimoja. Mimi mtu wa mtoni, wazee wangu wote wamelima bondeni, na kwenye dungu la kulindia ndege nimelala tangu sijui kutembea. Yeye katoka milimani huko kusini, Mmatumbi, kaletwa na ndoa nyumba ya pili kutoka kwangu. Alipokuja, kutwanga kwake kulikuwa kwa kuchekesha. Nilimfundisha mimi. Kutwanga peke yako kila mtu anaweza, lakini kutwanga wawili kwa kupokezana ndani ya kinu kimoja, mchi wako ukipanda wa mwenzio unashuka, hilo linataka watu wanaojuana. Ukichelewa kidogo tu michi inagongana, mpunga unaruka nje, na mkono unakufa ganzi hadi begani. Sisi tulikuwa tunatwanga huku tunapiga umbea, tunacheka, siku nyingine tunagombana, na michi inakwenda tu. Hata tukinuniana, michi haikununa.

Tulijulikana kwa mchele wa harusi. Shughuli ikikaribia, watu wa Mtawanya, wa Umwe, wengine wa kule delta wanaopanda mtumbwi kwanza ndipo watafute gari, walileta mpunga wao kwetu. Mashangazi wa bibi harusi walikaa kwenye mkeka kututazama, wanaimba, wanatoa kasoro, na sisi tunatwanga tunawajibu. Mchele wetu ulitoka mzima, kila punje na urefu wake. Kazi ikiisha tulifunga mafungu matatu. Mchele wa mwenyewe, pumba za mwenyewe za kulishia kuku wake, na chenga, zile punje zilizokatika, hizo za kwetu. Juu yake tulipewa ujira na doti ya kanga, kila mtu kipande chake, tukazivaa sare. Watu wakitukuta njiani walituita pacha, na mimi nilipenda.

Basi zikaja zile enzi za ruksa. Waliozaliwa baadaye hawajui maana yake. Sisi tuliokuwa tumekaa foleni ya sabuni ya kipande, tukaamka tunakuta maduka ya Kibiti yamejaa sabuni za rangi zote, vitenge, redio, na betri za redio hizo. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Kaka yake shoga yangu alikuwa akipeleka nazi Dar es Salaam, na safari moja lori lake halikurudi tupu. Lilirudi na injini ya dizeli na machuma mengine, likayashusha kando ya barabara kuu, na watoto wakashinda pale wakiyapapasa.

Aliniambia tukiwa tunatwanga. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

"Kaka anataka nikaisimamie mashine yake."

"Mashine gani?"

"Ile ya mpunga. Anasema anataka mtu anayeujua mpunga, na anayejua kusema na wanawake."

Michi yetu iligongana. Haikuwahi, haki ya Mungu, lakini siku ile iligongana, mpunga wa watu ukaruka, kuku wakaufuata. Nikamwambia, "Umeona ulichofanya!" Akasema ni mimi niliyechelewa. Mpaka leo nasema ni yeye.

Akaenda. Sikumzuia, ningemzuia kwa lipi? Mume wake kakubali, kaka yake kaita. Ila nilijua ninachokitaka, na nakisema wazi ili msomaji asinidhanie mengine. Sikutaka mashine, wala sikutaka koti lile la bluu alilovalishwa. Nilitaka mwenzangu arudi kwenye kinu.

Msimu wa kwanza Mungu alinipa raha. Mashine iliuvunjavunja mpunga, ikatoa chenga tupu. Watu walikuwa wanauleta umetoka shambani juzi, bado una maji yake, na vijana wa injini wanaumimina tu, wanabana kisu cha mashine mpaka inalia. Kulikuwa na harusi Mtawanya, pilau ikapikwa kwa mchele wa mashine, ikatoka bokoboko. Nilikuwepo. Nilikula sahani yangu nikaomba ya pili. Mwanamke mmoja akaniambia, "Dada, ungeutwanga wewe hili lisingetokea," nikajitia simsikii ili aseme tena kwa sauti. Shoga yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa turubai, kainamisha kichwa, hajala. Sikumhurumia hata chembe.

Niliporudi nikaosha kinu. Nikaenda kwa seremala nikachongesha mchi mpya wa mninga, wa urefu wake, maana yeye mfupi kuliko mimi na wa zamani alikuwa akiulalamikia. Nikauegemeza ukutani, nikasubiri.

Hakuja. Alichokifanya ni kusimama mlangoni pa mashine na kukataa mpunga wa watu. Mama anafika na gunia lake, yeye anachukua punje, anaing'ata. Ikikatika kwa sauti kavu, anapokea. Ikibonyea chini ya jino, anasema, "Bado, mama, kauanike, urudi kesho kutwa." Akatandika na maturubai kabisa nyuma ya banda, mwenye mpunga mbichi auanike pale pale. Kaka yake alipiga kelele kwamba anafukuza wateja. Baada ya muda si mrefu mchele ukaanza kutoka mzima, mweupe, umenyooka, na habari ikafika mpaka delta.

Kung'ata punje! Nani kamfundisha kung'ata punje? Mimi. Uani kwangu, akiwa bado hajui tofauti ya mpunga wa mlau, unaopandwa mafuriko yakishuka, na wa masika, nilimtia punje mdomoni kwa mkono wangu nikamwambia sikiliza kwa jino. Sasa ujuzi wangu umekwenda kuwekwa kwenye chuma cha kaka yake, na watu wanasema, "Yule mama wa mashine ana akili." Nilikuwa nikisikia maneno hayo nageuza njia.

Soko nalo halikunisubiri. Wanawake niliowajua kwa michi yao, mmoja mmoja nikawaona wamebadilika. Mmoja aliweka meza ya vitumbua mbele ya mashine, kwa sababu watu kwenye foleni wana njaa, na unga wake ni zile zile chenga. Mwingine akawa anakodisha mikeka ya kuanikia. Wengine wakaacha kutwanga kabisa, wakawa wananunua mpunga wakati wa mavuno, wanaukoboa, wanauza mchele kwa wenye malori, na malori yenyewe hayakutaka kusikia mambo ya kinu. Dereva mmoja wa Dar nilimpa mchele wangu wa kutwanga autazame. Akauonja, akausifu, halafu akaniuliza magunia mangapi kwa siku. Nikamwonyesha kikapu changu. Akapanda gari lake.

Nilijaribu kutwanga na wengine. Jirani wa nyuma alikuwa na nguvu lakini anasinzia. Shemeji yangu alikuwa kama anaua nyoka, nikaona vidole vyangu bado navihitaji. Nikajaribu peke yangu, harusi moja, nikaumwa mgongo wiki nzima, na mashangazi waliokaa mkekani walikuwa wanapiga miayo. Wimbo wa kutwanga hauimbiki mchi ukiwa mmoja. Unakuta umefika pa kuitikia, hakuna kitu.

Jioni nilikuwa napita mbele ya mashine, sina kazi huko, napita tu. Nilinunua kanga yenye maneno makali, ya kumpasulia mtu roho, nikajifunga nikapita, nikarudi, nikapita tena. Yeye kajaa vumbi la pumba nyusi na kope kama katiwa poda, anacheka na wanawake wa foleni, anawaita kwa majina ya watoto wao. Aliponiona alipunga mkono. "Shoga! Karibu chai!" Hata kanga hakuisoma. Nilifika nyumbani nikaivua nikaikunja, nikamgombeza mume wangu kwa jambo ambalo silikumbuki.

"Wewe," mume wangu akaniambia, "ungekuwa mwanamume ningesema umeachwa na mke."

Nikamwambia akanyamaze.

Kisha ikaja mashine ya pili. Bwana mmoja mwenye duka la vitambaa aliona wenzake wanavyovuna, akafunga ya kwake ng'ambo ya barabara, mpya, imepakwa rangi ya kijani, na bati lake halivuji. Bei ikawa ile ile. Akaweka benchi. Akaweka na redio kubwa. Watu walikuja kusikiliza redio, kisha wakavuka barabara kwenda kukoboa kwa shoga yangu. Yule bwana alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni, anashangaa.

Siku moja nilikwenda dukani kwake kununua uzi, akaniuliza. "Mama, wewe mtu wa mpunga. Hivi kina mama wananikimbia nini?"

Wallahi sikufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa mdomoni muda wote, sijui lilikuwa linasubiri nini.

"Wanataka pumba zao," nikamwambia.

Akacheka. "Pumba?"

"Cheka. Kule wakikoboa, pumba zinabaki kwa mwenye mashine. Anazipakia lori, anawauzia wafuga kuku wa mjini. Mwanamke katoka Umwe na gunia kichwani, anarudi na mchele, kuku wake wanamtazama, bata wanamtazama. Kwenye kinu pumba ni zake. Kwako unasema nini?"

Akaacha kucheka. Kesho yake akaandika ubaoni kwa chokaa, herufi kubwa, kwamba kwake pumba ni za mwenye mpunga. Wasiojua kusoma wakasomewa. Siku ya soko iliyofuata foleni ilikuwa imehama upande, nzima nzima, na meza ya vitumbua nyuma yake. Mwenye mashine ya kijani akaniita akaniomba nikae mlangoni kwake, niwe napokea mpunga na kuung'ata. Akanipa koti. Langu lilikuwa kijani.

Nililivaa. Niseme nini? Nilifurahi kama bibi harusi. Nilikuwa nakaa kwenye benchi, natazama ng'ambo ya barabara, namwona shoga yangu kasimama mlangoni pake na watu wawili watatu, moshi wa injini umepungua. Nilijisemea, sasa bado kidogo. Banda litafungwa, kaka mtu atarudia nazi zake, na huyu atarudi uani kwangu. Nami siku hiyo hiyo navua koti, namwambia bwana kwaheri. Nililipanga hivyo, na kila nililolifanya nililifanya kwa ajili hiyo.

Alivuka barabara siku moja adhuhuri. Mashine yetu ilikuwa imezimwa ipoe. Akakaa kwenye benchi, pembeni yangu, akajifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Hilo la pumba," akasema, "halikutoka kwa huyu bwana. Huyu hajawahi kufuga hata kifaranga."

"Biashara huria," nikamjibu.

Alinitazama. Nilidhani atanitukana, na kwa kweli nilikuwa nataka anitukane, tugombane kama zamani yaishe. Akasema, "Nilimwambia kaka azirudishe. Tangu siku ya kwanza nilimwambia. Ana mapatano na watu wake wa Dar, hataki kusikia."

"Pole."

"Haya, shoga." Akainuka, akarudi upande wake.

Kaka yake alijaribu mengi baadaye. Alishusha bei, tukashusha na sisi. Akafungua alfajiri, tukafungua alfajiri. Mwisho akakubali kurudisha pumba, lakini hapo watu walishazoea benchi na redio, na mashine ya tatu ilikuwa inafungwa karibu na stendi. Mkanda wake ukakatika katikati ya mavuno, mwingine ukachelewa. Msimu haujaisha, nikaiona injini yake inapakiwa kwenye tela la trekta, imeuzwa Ikwiriri. Shoga yangu alikuwa anafagia banda tupu. Nilitaka kuvuka kumsaidia, nikasema ngoja, mwache apumue, atakuja mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikaloweka kinu kisipasuke. Nikapaka michi mafuta ya nazi, yote miwili. Nikamwambia mume wangu, "Utasikia kelele za wanawake hapa tena, jiandae." Nikasubiri siku, nikasubiri wiki. Tulionana kisimani, tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za kazi. Nikasema nzuri. Nilikuwa nangoja aseme anarudi, yeye akajitwika ndoo yake akaenda.

Mavuno mengine yalipokaribia, ukafika wakati wa pepeta. Mpunga unakuwa haujakomaa vizuri, bado una ukijani, unaukata, unaukaanga chunguni, na ungali wa moto unautia kinuni utwangwe haraka ulale bapa. Pepeta haina mashine. Ikipoa imeharibika, ndiyo maana inatwangwa na wawili, na wawili wenyewe wawe hodari. Abiria wa mabasi ya kusini walikuwa wanaigombania stendi, waile kwa nazi na sukari, maana mchele wa mashine sasa uko kila mahali, hii haiko. Mimi na yeye tulikuwa tunaitengeneza ya kula tu na watoto. Kumbe ilikuwa biashara, na sikuiona, nimekaa kwenye benchi na koti.

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa natoka kazini, niko njiani, nikasikia michi miwili. Hiyo sauti mtu wa mpunga haikosei, haina pengo. Moyo ulinipasuka kwa furaha, sitii chumvi, nikajua ni yeye kafika uani kwangu kaanza bila mimi, kamshika mkono mtu yeyote aliyemkuta. Nikakaza mwendo. Lakini sauti haikutoka kwangu. Ilitoka nyumba ya pili.

Walikuwa uani kwake. Kinu kipya. Yeye upande mmoja, na upande wa pili mke wa mwanawe, msichana wa juzi juzi tu kutoka Ngarambe, kanga kaifunga kifuani, jasho linamtiririka. Michi inapokezana hata huioni. Na walikuwa wanapiga umbea. Yule mkwe akasema neno, shoga yangu akacheka mpaka akainama, na mchi wake haukukosea.

Nikasimama pale kwenye ua. Mashine haikuwahi kuniuma hivi. Mashine niliweza kuichukia, nikaitafutia dawa, nikaiondoa. Huyu ningemfanya nini?

"Shoga, karibu!" akaniita, bila kusimama. "Pita, usione haya, tuna moto hapa, hatuwezi kuacha."

Nikangoja mpaka wakamimina kwenye ungo. Nikamwuliza, na sauti yangu niliisikia ilivyotoka, "Mbona hukuniita?"

Akanishangaa. Hakuwa ananidhihaki, namjua akidhihaki. "Nikuite uache kazi yako? Wewe sasa mtu wa mashine, mwenzangu. Nimeona nisikusumbue." Akageuka akachukua ungo, akaanza kupeperusha makapi, na akili yake ikawa imeshakwenda kwenye kazi.

Yule mkwe akajifuta mikono, akaja na karatasi, mwenye adabu, kanipigia goti kidogo. "Shikamoo, mama. Nikufungie pepeta?"

"Marahaba," nikasema. "Nifungie."

Akanifungia, nikamlipa, akapokea. Shoga yangu hakumwambia asipokee. Nilitoka nikaanza kuitafuna pale pale njiani, kila punje naigeuza kwa ulimi, natafuta iliyopoa kinuni, natafuta ganda, natafuta mahali mchi ulipochelewa. Nilimaliza karatasi nzima nikiwa mlangoni kwangu. Sikupata hata moja.